John Glenn, kutoka ndege za vita hadi anga za juu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila habari za wanaanga zinapoguswa, jina la John Glenn hujitokeza, na maswali yanayofuata huwa yale yale. Tumeyakusanya hapa na kuyapanga kuanzia mepesi. Ukikuta jibu linakuelekeza kwenye swali jingine, lifuate. Hatukutaka kurudia jambo mara mbili.

## Mambo ya mwanzo

John Glenn ni nani hasa?

Ni Mmarekani wa kwanza kuizunguka Dunia. Tarehe 20 Februari 1962 alipaa ndani ya chombo kidogo kilichoitwa Friendship 7, akaizunguka Dunia mara 3, akashuka baharini salama. Kabla ya hapo alikuwa rubani wa kivita kwa miaka mingi. Baada ya hapo alikuwa seneta wa jimbo la Ohio kwa miaka 24, na akiwa na umri wa miaka 77 akapaa tena. Alifariki tarehe 8 Desemba 2016, akiwa na miaka 95.

Wengi humchanganya na Neil Armstrong. Hatuwalaumu: wote wawili ni wa Ohio, na wote walirusha ndege za vita Korea. Aliyekanyaga Mwezi mwaka 1969 ni Armstrong.

Basi yeye ndiye mtu wa kwanza kwenda angani?

Hapana. Wa kwanza ni Yuri Gagarin wa Umoja wa Kisovieti, naye pia rubani wa jeshi, aliyeizunguka Dunia kwa dakika 108 tarehe 12 Aprili 1961. Agosti mwaka huo huo Msovieti mwingine, German Titov, akakaa huko zaidi ya siku nzima. Wamarekani wawili, Alan Shepard na Gus Grissom, nao walishapaa mwaka 1961, lakini safari zao zilikuwa za kwenda juu na kushuka, kama jiwe lililorushwa, robo saa kila mmoja. Kwa hiyo Glenn ni mtu wa tano kufika anga za juu na wa tatu kwa Wamarekani. Sifa yake ni kuzunguka.

Alianzaje urubani?

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1921 katika mji wa Cambridge, Ohio, akakulia New Concord, mji mdogo ambako baba yake alikuwa fundi bomba. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha Muskingum, serikali ilikuwa inawalipia raia mafunzo ya urubani kwa kuhofia vita. Akajiandikisha, na mwaka 1941 akapata leseni.

Desemba mwaka huo Japani ikaishambulia Pearl Harbor, kambi ya manowari za Marekani huko Hawaii. Glenn akaacha chuo na kujitolea katika kikosi cha ndege cha jeshi la nchi kavu, akangoja kuitwa, wapi. Akaenda kujiandikisha Jeshi la Wanamaji, na akiwa mafunzoni akahamia Marine. Shahada aliiacha njiani, jambo lililokuja kumsumbua baadaye (soma "Ni kweli hakuwa na shahada?").

## Vitani

Marine ni jeshi gani, na lina ndege?

Marine ni askari wa Marekani wanaotokea baharini kuvamia nchi kavu, na ndiyo, wana ndege zao na marubani wao. Kazi kubwa ya marubani hao ni kuwasaidia wenzao walio chini: kupiga mabomu, kufyatua risasi, kupita chinichini mahali ambapo kila mwenye bunduki anaweza kukulenga. Glenn alirusha ndege ya F4U Corsair katika visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki, akafikisha safari 59 za vita.

Korea alifanya nini?

Huko ndiko alikojijengea jina. Alianza na jeti aina ya F9F Panther, safari 63, nyingi zikiwa za kushambulia ardhini. Alikuwa haachi kushuka chini sana, na mara mbili alirudi na ndege yenye matundu zaidi ya 250. Wenzake wakampa jina la utani la kumkejeli kwa jinsi makalio yake yalivyokuwa yanavuta risasi kama sumaku. Tafsiri kamili tunawaachia watu wazima. Miongoni mwa walioruka pamoja naye kwenye kikosi hicho alikuwamo Ted Williams, nyota wa besiboli aliyeitwa jeshini katikati ya umaarufu wake.

Kisha akaazimwa kwa Jeshi la Anga, akarusha F-86 Sabre safari 27. Hapo alikuwa anatafuta MiG-15, jeti za kivita za Kisovieti zilizotumiwa na adui, na alinung'unika waziwazi kwamba hazionekani, hata mafundi wakaiandika ndege yake maneno ya kumtania kuwa ni Marine mwenye wazimu wa MiG. Julai 1953, katika siku za mwisho mwisho za vita, aliangusha 3 kabla mapigano hayajasimamishwa tarehe 27. Jumla ya safari zake za vita zote mbili ni 149.

Mbona anasifiwa kama shujaa wa amani wakati alikuwa mpiga mabomu?

Swali la haki. Nyingi kati ya safari hizo 149 zililenga watu na vitu vilivyo ardhini, na Glenn hakuwahi kuificha kazi hiyo. Safari ya 1962 yenyewe haikuwa ya amani tupu: roketi ya Atlas iliyompandisha ilitengenezwa kwanza kubeba bomu la nyuklia. Tunadhani ni bora kuyaweka mambo yote mawili mezani kuliko kuchagua moja.

Rubani wa majaribio ana tofauti gani na rubani mwingine?

Rubani wa kawaida hupewa ndege inayojulikana. Rubani wa majaribio hupewa ndege mpya na kuambiwa aende akaone inaharibikia wapi: mwendo gani inaanza kutetemeka, bunduki zikifyatuliwa juu sana injini inazimika au haizimiki. Kisha anashuka, anaandika ripoti ambayo mhandisi ataielewa. Nusu ya kazi ni kalamu. Glenn alimaliza shule ya marubani hao iliyoko Patuxent River, Maryland, mwaka 1954.

Tarehe 16 Julai 1957 alirusha F8U Crusader kutoka California hadi New York kwa saa 3, dakika 23 na sekunde 8, akijazwa mafuta angani mara 3. Ilikuwa safari ya kwanza ya kuvuka Marekani kwa mwendo wa wastani unaopita wa sauti. Magazeti yakaanza kumjua, na mwaka huo huo akaonekana kwenye shindano la muziki la televisheni. Sura ya kupendeka, ulimi mwepesi. Haya nayo yalihesabika baadaye, wasikudanganye.

## Kuchaguliwa kuwa mwanaanga

Kwa nini NASA, shirika la Marekani la safari za anga za juu, ilitaka marubani wa jeshi peke yao?

Rais Eisenhower ndiye aliyeamua. Wangeweza kutangaza nafasi kwa kila mtu, wakajaza ofisi na barua za wapiga mbizi na wapanda milima. Marubani wa majaribio wa jeshi walikuwa na majalada tayari, wameshachunguzwa kuhusu siri za nchi, na wamezoea kupasua anga huku wakisoma saa na mishale. Masharti: umri chini ya miaka 40, urefu usizidi sentimita 180 kwa sababu chombo ni kifinyu, shahada au elimu inayolingana nayo, shule ya marubani wa majaribio, na saa 1,500 za kuruka.

Majalada 508 yakapekuliwa. Tarehe 9 Aprili 1959 majina 7 yakatangazwa: Scott Carpenter, Gordon Cooper, John Glenn, Gus Grissom, Wally Schirra, Alan Shepard na Deke Slayton. Glenn, mwenye miaka 37, ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri na Marine pekee.

Ni kweli hakuwa na shahada?

Ni kweli. Kilichomwokoa ni yale maneno "au elimu inayolingana nayo" pamoja na masomo aliyoyaokoteza jeshini. Chuo cha Muskingum kilimpa shahada yake mwaka 1962, baada ya yeye kuizunguka Dunia. Msilifanye hili kisingizio cha kuacha shule, tafadhali. Masharti ya leo hayana mlango huo.

Vipimo vyao vilikuwaje?

Vya kuchosha na kuaibisha. Kliniki ya Lovelace huko Albuquerque iliwapima kila tundu la mwili, ikiwa ni pamoja na kuwamwagia maji baridi sikioni ili kuona macho yanavyochezacheza wakipata kizunguzungu. Kisha Dayton, Ohio: chumba cha joto kali, mashine za kutetemesha, na kukaa peke yako katika chumba chenye giza kisicho na sauti. Madaktari hawakujua mwili utafanya nini ukikosa uzito. Walihofu hata chakula kitakataa kushuka kooni. Basi wakapima kila walichoweza kukipima.

Wanawake je?

Walizuiwa mlangoni. Sharti la shule ya marubani wa majaribio lilitosha, maana shule hizo hazikuwapokea wanawake. Wapo wanawake marubani 13 waliofaulu vipimo vile vile vya Lovelace, akiwemo Jerrie Cobb na kijana wao kabisa, Wally Funk. Julai 1962 kamati ya Bunge ilipolisikiliza suala hilo, Glenn alisimama akasema kukosekana kwa wanawake katika kazi hiyo ni hali ya mpangilio wa jamii yao. Hapa hatumtetei. Alikuwa na sauti ambayo nchi nzima ingeisikiliza siku ile, na aliitumia kuuacha mlango ulivyo. Mwaka uliofuata Valentina Tereshkova, Msovieti ambaye hakuwa rubani wa jeshi bali mruka kwa parachuti, akapaa.

Walilipwa sana?

Mshahara ulibaki ule ule wa jeshi, kwa cheo cha kila mmoja. Fedha zilitoka kwenye gazeti la Life, lililonunua simulizi za familia zao kwa dola 500,000 za kugawana watu 7.

## Siku ya safari

Alikuwa rubani au abiria tu?

Hili ndilo swali lililowauma wao wenyewe. Chombo cha Mercury, aina ambayo Friendship 7 ilikuwa mojawapo, kiliundwa kijiendeshe, na sokwe Enos alishazunguka Dunia mara 2 Novemba 1961. Marubani waliobaki kwenye ndege walikuwa wanawacheka wenzao kwamba wamekwenda kufungwa koponi kama nyama.

Jibu lilikuja karibu na mwisho wa mzunguko wa kwanza. Mtambo wa kujiendesha ukaanza kukiacha chombo kigeukie kulia polepole, kisha unakirudisha kwa kishindo, halafu tena, huku ukiteketeza mafuta ya kugeuzia. Glenn akaushika usukani wa mkono, fimbo ndogo upande wa kulia, akakinyoosha mwenyewe. Sehemu kubwa ya mizunguko 2 iliyobaki alikiendesha kwa mkono. Kwa maoni yetu dakika zile zilimaliza ubishi kuliko hotuba yoyote: mashine ilichoka, rubani wa vita vya Korea akaipokea.

Na habari ya ngao ya joto iliyolegea?

Katika mzunguko wa pili, waliokuwa chini walipata ishara kwamba ngao ya joto imefunguka. Ngao hiyo ndiyo inayokinga chombo kisiungue kikirudi katika hewa, ikitoka, basi. Wakaamua asizitupe roketi za breki baada ya kuzitumia, kwa matumaini kwamba mikanda yake itaishikilia ngao mahali pake.

Tatizo ni kwamba hawakumwambia waziwazi. Kituo kimoja baada ya kingine kilimuuliza kuhusu swichi ya mfuko wa kutulia majini, uliokunjwa nyuma ya ngao hiyo, mpaka akashtukia mwenyewe. Akashuka akiona vipande vinavyowaka vikipita dirishani, hajui ni vya roketi za breki au ni ngao yenyewe inayomeguka mgongoni kwake. Ilikuja kuonekana kwamba ngao ilikuwa imara, kilichoharibika ni swichi. Glenn alikasirika kwa adabu na kusema wazi baadaye: rubani aambiwe. Saa 4, dakika 55 na sekunde 23 baada ya kuondoka, alitua Atlantiki, na manowari ya USS Noa ikamwopoa.

Vile "vimulimuli" alivyoviona ni nini?

Jua lilipochomoza juu ya Pasifiki aliona maelfu ya vitu vidogo vinavyong'aa vikielea nje ya dirisha. Wakatania kwamba amekutana na wenyeji. Scott Carpenter alipofuata Mei 1962, aligonga ukuta wa chombo na vikatoka vingine: ni chembe za barafu zinazobanduka kwenye chombo.

Ni kweli alidai mahesabu yakaguliwe na binadamu?

Ndiyo. Kompyuta zilikuwa ngeni na zilikuwa na tabia ya kugoma. Kabla ya kuondoka aliomba yule mwanahisabati, Katherine Johnson, Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika kituo cha NASA cha Langley, Virginia, arudie mahesabu ya safari kwa mashine ya mezani. Namba zikalingana. Rubani wa majaribio habadiliki: hata kompyuta anaijaribu kwanza.

## Alipopita juu ya Zanzibar

Hivi ni kweli alizungumza na Zanzibar?

Kweli kabisa, na inashangaza ni wachache wanaojua. NASA ilihitaji mlolongo wa vituo kuzunguka Dunia ili isimpoteze mwanaanga. Barani Afrika kilikuwapo Kano, Nigeria, na kingine Unguja, eneo la Tunguu, ambalo leo wengi wanalijua kwa chuo kikuu cha SUZA. Kituo kilipokea sauti pamoja na taarifa za chombo na za mwili wa mwanaanga.

Glenn aliondoka Florida saa 3:47 asubuhi ya huko, yaani saa 11:47 jioni Unguja. Nusu saa baadaye alikuwa anazungumza na Tunguu. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, na adhana ya Magharibi ilikuwa bado kidogo. Mjini watu wanangoja kufuturu, na juu yao kuna mtu anavuta kamba ya mpira iliyofungwa ndani ya chombo ili daktari wa kituo aone moyo wake unavyofanya kazi bila uzito. Mapigo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha yakashuka upesi, na daktari akaridhika. Dakika chache mbele, juu ya Bahari ya Hindi, Glenn akawa Mmarekani wa kwanza kuliona jua likizama akiwa katika mzunguko wa Dunia.

Watu wa Unguja walimwona?

Katika ule mzunguko wa kwanza, hapana. Jua lilikuwa halijazama, na chombo kisichofikia ukubwa wa gari dogo, kikiwa zaidi ya kilomita 200 juu, hakionekani mchana.

Kituo kiliishia wapi?

Wapo wanasiasa waliokipinga tangu mwanzo, wakihofu kwamba ni kambi ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 Wamarekani wengi waliondoshwa kwa manowari, na Aprili mwaka huo serikali mpya ikataka kituo kiondolewe. Kazi yake ikahamia Madagaska.

## Baada ya kushuka

Kwa nini hakwenda Mwezini?

Alitaka kuruka tena, na kila alipouliza alipigwa danadana. Alikuja kuelewa baadaye kwamba Rais Kennedy hakutaka ahatarishwe: watu wapatao milioni 4 walikuwa wamejitokeza New York kumshangilia, na mtu kama huyo akifa ni msiba wa taifa. Umri nao ulikuwa unakwenda. Januari 1964 akaondoka NASA.

Siasa aliingiaje?

Kwa kuteleza, hasa. Mwaka 1964 alijitosa kugombea useneta, akaanguka bafuni na kugonga kichwa. Sikio la ndani likaumia, kizunguzungu kikamlaza, akajitoa. Aliyenusurika risasi za Korea akaangushwa na bafu. Mwaka 1970 alishindwa ndani ya chama chake, 1974 akashinda. Aliutafuta urais mwaka 1984, hakufika mbali. Kazi yake kubwa bungeni ilikuwa sheria ya 1978 ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia.

Mke wake alikuwa na kigugumizi?

Ndiyo, kikali. Annie Castor na John walijuana tangu wakiwa watoto wa kuchezeana, wakaoana tarehe 6 Aprili 1943. Simu ilikuwa adui yake. Dukani alionyesha karatasi. Januari 1962, safari ilipoahirishwa kwa ajili ya mawingu, Makamu wa Rais Lyndon Johnson alitaka kuingia nyumbani kwao na kamera za televisheni. Annie akakataa, na mumewe, akitoka tu kwenye chombo, akasema mke wangu akisema hapana ni hapana.

Mwaka 1973 alihudhuria mafunzo ya wiki 3 huko Virginia na kupata nafuu kubwa. Akampigia mumewe simu. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa mambo aliyomwambia, baada ya miaka yote ile, ni kwamba aache kutupa soksi ovyo.

Alirudije angani na miaka 77?

Aliisumbua NASA kwa hoja kwamba mwili angani hupoteza mifupa na misuli na kukosa usingizi, mambo yale yale ya uzee. Basi mpelekeni mzee mkapime. Tarehe 29 Oktoba 1998 akapaa na chombo cha Discovery, akakaa karibu siku 9, mizunguko 134. Safari hii hakuwa rubani. Alitolewa damu, akameza kidonge chenye kipimajoto, akalala na nyaya kichwani. Wapo waliosema ni zawadi ya kisiasa, na hawakukosea kabisa; hata hivyo vipimo vilifanyika.

Rekodi ya kuwa mtu mzee kuliko wote kufika anga za juu ilivunjwa Julai 2021, katika safari fupi ya kupanda na kushuka, na mwanamke wa miaka 82. Jina lake Wally Funk. Ndiye yule yule (soma "Wanawake je?").

## Maswali ya pembeni

Mimi ni rubani wa jeshi Afrika Mashariki. Naweza kuifuata njia yake?

Kwa NASA, lazima uwe raia wa Marekani. Sharti hilo halina mwanya. Ukiwa raia, unahitaji shahada ya uzamili katika sayansi, uhandisi, hisabati au fani ya jamii hiyo, na uzoefu wa miaka 3 au saa 1,000 za kuwa rubani mkuu wa jeti. Urubani wa jeshi sasa ni njia mojawapo, si mlango pekee: tangu 1965 NASA huchukua pia wanasayansi.

Kile chombo kiko wapi leo? Na picha alipiga kwa kamera gani?

Friendship 7 ipo Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian ya ndege na vyombo vya anga. Kamera aliinunua mwenyewe kwenye duka la kawaida huko Cocoa Beach, Florida, kwa kama dola 40, kwa sababu ilikuwa ya kujirekebisha yenyewe mwanga. Mafundi waliigeuza juu chini na kuiwekea mpini kama wa bastola, aweze kuishika na kuipigia mkono ukiwa ndani ya glovu nene.